Wimbo wa Mbu

Msusi alikwenda kwa fundi wa makochi kwa ajili ya kiti tu. Kilikuwa kiti cha saluni yake, kile cha mbele ya kioo, ambacho wateja walikuwa wamekikalia mpaka sponji ikachungulia nje. Alipokifikisha karakana, Jumamosi alasiri, aliwakuta watu watatu wameketi juu ya makochi yaliyovuliwa nguo, wanagombana. Alidhani wanagombania urithi. Kumbe wanagombania nyimbo.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za filamu iitwayo *Pikipiki ya Mwisho*, habari ya mapigano na matusi ya vijana wa gereji walioanzisha bendi ya roki. Ilionyeshwa zamani kwa muda mfupi, ikazomewa, walioitengeneza wakafilisika, na nakala zake hakuna ajuaye zilipoishia. Kilichobaki duniani ni kanda moja ya Fundi. Enzi za ujana wake alikuwa ameingia ukumbini na radio kaseti chini ya koti, akazirekodi nyimbo zote akiwa kitini. Kwa hiyo kwenye kanda ile magitaa yapo, lakini vikohozi vya watu navyo vipo, na viti vinavyolia, na mlango wa choo. Waliozipenda nyimbo zile walinakili kwake, wengine wakanakili kwa walionakili, na mashabiki wa kweli walijua mpaka kikohozi kipi kinatangulia gitaa gani.

Uzuri wa nyimbo hawakubishania. Mwalimu, mstaafu wa hesabu aliyekuwa ukumbini siku ileile, alisema kuusifu wimbo mzuri hakuhitaji akili. Wao walishindania mbovu. Kila Jumamosi, wimbo upi ni dhaifu kuliko yote, na kwa nini.

"Harusi ya Spana," alisema Nesi, ambaye alikuja na sare yake ya kazi bado mwilini. "Mpiga ngoma anagonga kama mtu anayetafuta mlango gizani."

"Afadhali huyo anatafuta," Mwalimu akajibu. "Yule dada wa Wimbo wa Mbu ameshapotea, na wala hajui."

Wakacheka wote watatu. Msusi, aliyekuwa amesimama na kiti chake mkononi, hakucheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake yeye ilikuwa mama yake mzazi.

Siri ile aliipata kwa mama mdogo. Mama aliwahi kuimba katika filamu hiyo, wimbo mmoja, ule unaofunga nusu ya kwanza. Baada ya miaka kadhaa aliingia duka fulani akakuta kanda inapigwa, watu wanashika mbavu, mmoja anapunga mkono sikioni kana kwamba anafukuza mbu. Alitoka bila kununua alichofuata. Tangu siku hiyo hakuimba tena, hata kumbembeleza mtoto. Msusi alipomuuliza, Mama alijibu kwa kifupi: "Nilidhani nina sauti, mwanangu. Sikuwa nayo."

Jibu hilo lilimkaa Msusi kooni. Mama alikuwa na sauti nzito kiasi kwamba watu wakimpigia simu humwita mzee, na wengine huomba awapatie mama mwenye nyumba. Koo la namna ile linatoaje mbu? Kiti kilishonwa, kikarudi saluni, wateja wakaanza kukichakaza upya, lakini Msusi aliendelea kwenda karakana kila Jumamosi. Hakumwambia mtu kwa nini. Alitaka kujua, na aliogopa kujua, na yote mawili yalikuwa yanamtoa nyumbani.

Alisikiliza wimbo ule mara nyingi. Mwanzoni sauti ilikuwa ya kawaida, kisha ikapanda, ikapanda, mpaka mwisho ikawa kweli uzi mwembamba unaolia. Hata yeye, mtoto wa kuzaliwa na mwimbaji, angepunga mkono.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mkasi. Fundi aliwaonyesha kanda: kipande cha mwisho cha upande wa kwanza kilikuwa kimekunjamana, na kila kikifika kwenye mashine kinanaswa. Siku moja kingeivuta kanda nzima na kuitafuna.

"Nakata hapa, naunga, tunaokoa zilizobaki," alisema, mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa ukiwa tayari gotini. "Kinachokwenda ni Mbu peke yake. Lakini hapa kwangu hakatwi mtu bila kura. Wengi wape."

"Zile nakala za watu?" Msusi aliuliza.

"Zilishaoza siku nyingi, dada. Mimi mwenyewe nimezitafuta."

Mwalimu alipiga kura ya kukata kabla hajaulizwa. Fundi naye akaunga mkono, kwa huzuni, kama anayekubali kung'olewa jino. Nesi alikataa, akabaki na Harusi ya Spana yake, maana Nesi hakuwa mtu wa kubadili msimamo kwa sababu ya mkasi. Wakamgeukia Msusi. Alijua kwamba akisema hapana watakuwa wawili kwa wawili, na Mwalimu atabishana mpaka ashinde. Na akisema ni mama yangu, watakubali kwa huruma, na Mama atabaki kuwa mbu, ila mbu wa kuhurumiwa.

"Kitu kimoja tu nitakikosa," Mwalimu alikuwa anasema. "Yule mtoto. 'Kaa chini, hatuoni!' Kitoto kile kina akili kuliko filamu nzima."

Katikati ya Wimbo wa Mbu kuna mtoto ukumbini anayemfokea mtu aliyesimama mbele yake. Mashabiki walimpenda kuliko waigizaji. Walikuwa wamembuni mpaka maisha yake: wengine walisema amekuwa rubani, Nesi aliamini ni hakimu.

"Alikuja na nani?" Msusi aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto. Nauliza tu. Filamu ya mapigano na matusi, nani alimleta?"

Fundi alikuna kidevu. "Sasa unanikumbusha. Mlangoni walikataza watoto. Mdogo wangu alirudishwa analia, ndiyo maana nikarekodi, nikamsikilizishe nyumbani."

"Basi aliingiaje?"

Miaka yote wamemlea mtoto yule, wamemsomesha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza alipitia mlango gani.

"Na kwa nini upande wa pili hauna sauti za watoto wala mbu?" Msusi aliendelea.

"Upande wa pili ni safi," Fundi alisema kwa majivuno. "Pale niliweka betri mpya. Za mwanzo zilikuwa zinakata roho. Nilipogeuza kanda nikaona magurudumu yanajivuta..."

Mwalimu aliinua kichwa polepole.

"Yalikuwa yanajivuta wakati wa kurekodi," Mwalimu alisema. "Halafu sisi tunapiga kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kila kitu kinakimbia, na sauti zinakuwa nyembamba."

"Una tochi?" Msusi alimuuliza Fundi.

Tochi ilikuwepo, chini ya meza, na mwanga wake ulikuwa umebaki mwekundu, hautoshi hata kutafuta sindano. Walizitoa betri zake zile zilizochoka, wakazitia kwenye radio. Fundi akainyoosha kanda iliyokunjamana kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyonyoosha mshono wa ngozi. Kisha akabonyeza.

Magurudumu yalijivuta. Gitaa lilishuka, ngoma zikapata uzito, na sauti ya mwanamke ikatoka, nene, ya chini, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno. Ilikuwa sauti iliyokuwa ikimwamsha Msusi kwenda shule. Nesi aliacha kuchezea kifungo cha sare yake. Kisha likaja lile fokeo la ukumbini, "Kaa chini, hatuoni!", na lilikuwa la mwanaume mzima.

Ilikuwa sauti ya Mwalimu. Kila mtu aliitambua ila yeye mwenyewe, maana nyani haoni kundule, na ilibidi warudishe kanda mara mbili ndipo akubali.

"Nilikuwa na nywele siku hizo," alisema kwa unyonge, kana kwamba hilo linaeleza chochote.

Walitaka kucheka, lakini walimwona Msusi analia. Akawaambia ni nani anayeimba. Fundi aliuchukua mkasi, akautia kwenye droo, akaifunga.

Jioni ile Msusi alimweleza Mama kila kitu, betri, tochi na mtoto asiyekuwepo. Mama aliendelea kukunja nguo. Lakini Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vyake vizuri, akafuatana na binti yake.

Walimkalisha kwenye kochi pekee lenye kitambaa. Mwalimu alisimama wakati wote. Wimbo ulipigwa mpaka mwisho, kwa betri mbovu, na Mama alisikiliza ameinamisha uso, mikono mapajani. Ulipokwisha, chumba kizima kilimtazama.

"Kura yangu mnaitaka au hamuitaki?" aliuliza.

"Tunaitaka, mama," alisema Fundi.

"Huu wimbo ni mbovu. Nilimwambia mpiga gitaa siku ileile kwamba maneno hayana kichwa wala miguu, akanuna. Kwenye hiyo filamu hakuna mbovu kuupita. Mwalimu yuko sahihi."

Mwalimu hakujua kama ashukuru au aombe radhi, akafanya yote mawili kwa pamoja.

"Lakini aliyeuimba," Mama alisema, na hapo sauti yake nzito ikatetemeka, "aliyeuimba alijua kuimba."

"Alijua," alisema Nesi.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwomba Fundi aurudishe mwanzo, na gitaa lilipoingia, hakusubiri sauti ya kwenye kanda, akaanza kuimba.