Mkanda Chini ya Bitana

Kila asubuhi Baba huwasha gari, huliacha lingurume uani, kisha hurudi ndani kumalizia chai yake. Asubuhi ile hakufika hata mlangoni. Gari lilipiga ukelele kama paka aliyekanyagwa mkia, taa nyekundu ya betri ikawaka.

"Limejua leo kuna safari!" Shangazi alicheka dirishani, kikombe mkononi.

Mizigo yangu ilikuwa tayari kwenye buti. Kesho yake nilikuwa naanza kazi ya uuguzi katika mji mwingine, na jioni hiyo mwenye nyumba angenisubiri anikabidhi ufunguo.

Baba akafungua boneti. Mkanda unaozungusha altaneta, ile mashine inayochaji betri, ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino. Akaingia kwenye chumba chake cha kushonea, akatoka na mkanda mpya. Kumbe ulikuwa kabatini, chini ya vitambaa vya bitana!

"Ulinunua lini, Baba?"

"Aa, zamani kidogo."

Baba ni fundi cherehani, na kila kazi huifanya kama anashona. Alichomoa waya wa betri, akachora njia ya mkanda kwa chaki yake, akalegeza boliti za altaneta, akautoa mkanda mkuukuu. Akaupima pamoja na ule mpya kwa utepe uliokuwa shingoni mwake. Sawasawa. Akauvisha.

"Kaka," Shangazi akaita, "hiyo mifereji ya mkanda si inakaa ndani? Umeligeuza gari kama suruali ya kupigwa pasi!"

Baba akautoa, akaugeuza. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea kama godoro.

"Umelegea, Baba."

"Nimeuachia nafasi ya kupumua."

"Kwani gari linanenepa?" Shangazi akadakia, nasi tukacheka mpaka spana ikamponyoka Baba.

Nikachukua kipande cha nondo, nikaisukuma altaneta nje, yeye akakaza boliti. Safari hii mkanda ulikubali kubonyea kidogo tu. Akarudisha waya, akawasha. Injini ikanguruma taratibu, bila ukelele wowote.

Lakini Baba hakukaa kwenye usukani. Alishuka, akafuta kwa tambara spana ambayo tayari ilikuwa safi. Akalipiga teke tairi la mbele. Akasema labda tungetazama na maji. Mtu ambaye hajawahi kukosea upande wa shati la mteja!

Mimi na Baba si wasemaji. Shangazi husema kwa niaba ya nyumba nzima.

"Baba," nikasema polepole, "tutachelewa."

Akalikunja lile tambara mara nne, kwa uangalifu, kama leso.

"Mkanda huu niliununua wiki uliyopata kazi," alisema. "Nikauficha badala ya kuufunga. Nilijiambia wa zamani ukikatika, wewe utabaki nasi hata siku moja zaidi." Akanitazama. "Sitaki uondoke, mwanangu. Ndiyo hivyo tu. Haya, ingia nikupeleke."