Pikipiki Iliyobaki Ukweni

Kinyozi alikuwa anakung'uta shuka la nywele mlangoni mwa saluni yake alipomwona shemeji yake akija kwa miguu, helmeti kichwani. Mtu anayetembea kwa miguu na helmeti kichwani ana maelezo ya kutoa. Kinyozi akakunja shuka, akasubiri.

Shemeji huyu, mdogo wake mkewe, mtaani walimwita Meneja. Hakuwa anasimamia chochote. Alikuwa mbeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ila siku moja alikwenda kazini na tai, jina likaganda. Jana yake alikuja kuazima pikipiki aende kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Kinyozi alitaka kukataa, lakini mkewe alikuwa amesimama nyuma ya mdogo wake, amemkazia macho.

"Pikipiki iko salama," alisema Meneja hata kabla ya salamu.

"Sijauliza."

"Haina hata mkwaruzo."

"Iko wapi?"

"Kwa wakwe."

"Na ufunguo?"

Meneja alivua helmeti, akachungulia ndani yake. "Ufunguo ndio umenisumbua kidogo, shem."

Wakwe walimpokea vizuri, alieleza, wakamlisha mpaka akawa anahema. Alipoaga akapapasa mifuko, hola. Wakasaka sebuleni, wakasaka uani, wakasaka njia nzima ya chooni. Usukani ulikuwa umefungwa, pikipiki haisukumiki. Akalala kwenye kochi lao, ambalo alisema ni fupi.

"Simu si unayo? Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia ningesema nini, na wote wamekaa pale? Wanajua ni yangu."

"Nini yako?"

"Pikipiki. Mzee aliuliza, 'Hii ni yako?' Nikaitikia. Nilidhani anaongea tu."

Kinyozi akaliweka shuka kitini. Ufunguo wa pili hakuwa nao. Aliupoteza mwenyewe zamani, na jambo hilo hakuona sababu ya kulitaja sasa. Siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzunguka majumbani kuwanyoa wagonjwa na wazee wasioweza kufika saluni, kazi ambayo bila pikipiki haiendi. Akachukua mkoba wake wa kazi, akafunga saluni, wakaondoka.

Kule ukweni walikuta watu wako kazini. Mama mkwe alikuwa anachekecha mchanga wa uani kwa chekeche. Mchumba alikuwa amepindua kochi na kuingiza mkono mpaka begani. Pikipiki ilikuwa kivulini, imefunikwa shuka safi isiungue na jua. Kinyozi aliitambua kwa magurudumu.

Baba mkwe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amekaa kwenye kigoda akisimamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Kinyozi wangu," alisema Meneja. Huo haukuwa uongo.

Mzee alimtazama mkwewe mtarajiwa juu mpaka chini. "Unatembea na kinyozi?"

"Leo tu, mzee."

"Fundi funguo nimeshamwita, yuko njiani." Mzee alijipapasa kidevu. "Basi huyu aninyoe. Kukaa bure kunachosha."

Kinyozi alifungua mkoba. Alimfunga mzee shuka shingoni, akampaka povu, akaanza na shavu la kulia. Meneja alienda kusaidia kuchekecha, mbali kidogo, lakini si mbali sana asiweze kusikia.

"Wewe unamjua huyu kijana vizuri?" mzee aliuliza, midomo haitikisiki.

"Namjua, mzee."

"Ni mtu wa namna gani?"

Wembe ulikuwa chini ya taya. Kinyozi aliuinua kwanza. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya Meneja, tena mengine alikuwa ameyapanga njiani kwa utaratibu mzuri. Lakini mdomoni likaja jingine.

"Kuna siku tumbo lilinikamata," alisema. "Sikuweza hata kusimama. Alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Ni mbali, mzee, kuna na kilima. Madaktari wakasema tungechelewa kidogo tu, ningekuwa marehemu."

"Mgongoni?"

"Mgongoni."

"Na pikipiki yake?"

"Wakati huo haikuwepo."

Mzee aliguna, akageuza shavu la pili. Kinyozi akaufuta wembe. Habari ile hakuwahi kumsimulia mtu, na hata Meneja alikuwa bado hajamshukuru sawasawa.

Hapo geti likagongwa, akaingia fundi funguo na kisanduku chake. Aliivua pikipiki shuka, akaizunguka, kisha akageuka na kutabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Aa, kinyozi! Umepoteza tena?"

Chekeche likasimama. Mchumba akatoa mkono kwenye kochi. Kinyozi alibaki na wembe hewani, na mzee na povu upande mmoja.

"Malizia," alisema mzee.

Kinyozi akamaliza. Mzee akajifuta, akatundika taulo begani, akamwita Meneja mbele yake.

"Hii pikipiki ni ya nani?"

"Ya shemeji. Huyu. Kinyozi wangu ni shemeji yangu, mzee."

"Na kilicho chako ni kipi?"

Meneja alifikiri. "Viatu. Simu. Na..." Akaitazama helmeti aliyoishika.

"Helmeti ni yake," alisema kinyozi, ambaye aliinunua kwa pesa zake mwenyewe, tena kwa kubembeleza bei.

Mchumba, aliyekuwa keshia wa duka lile lile la saruji, alijikung'uta magoti. "Baba, mimi kila siku namwona anakuja kazini kwa miguu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulimwuliza yeye."

Mama mkwe aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mzee hakucheka. Alikaa tena kwenye kigoda.

"Utambulisho wa jana nimeufuta," alisema. "Jumapili ijayo uje upya, mwanzo kabisa. Uje na kilicho chako."

Fundi alibadilisha swichi nzima, akamkabidhi kinyozi funguo mbili mpya. Ule wa zamani haukuonekana kamwe, na uani mwa wazee wale mchanga haujawahi kuwa safi vile. Kinyozi aliwasha pikipiki. Kuna wagonjwa walikuwa wanamngoja na ndevu zao.

"Panda," alimwambia shemeji yake getini. "Na shem... ile siku ya tumbo. Ahsante."

Meneja alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Ilikuwa zamani, shem." Kisha akatupa jicho nyuma, mzee alikuwa ameinuka kwenye kigoda, anawatazama. "Wewe nenda tu. Nitatembea."

Jumapili iliyofuata Meneja alipita mbele ya saluni na tai yake, suruali ameikunja isishike vumbi. Mke wa kinyozi alikuwa mlangoni.

"Umemnyima pikipiki?"

"Nimempa ufunguo mkononi. Kakataa."

"Meneja akatae pikipiki?"

Hakuamini, na hakumsemesha mumewe mpaka jioni, Meneja aliporudi na viatu mkononi, visigino vimechubuka, akasema kwamba wamemkubali.

"Ona miguu yake," mke alimwambia kinyozi, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda.