Bungu Hawajajibu

Mdogo wangu Kiseyian alirudi Handeni mwaka 2014 na kompyuta mgongoni na maneno mengi mdomoni. Alikuwa Dar akisomea kutengeneza programu, na sisi tulitegemea atarudi na mke. Badala yake akatuletea kitu cha kuweka kwenye simu ya kupangusa: unabonyeza jina la dawa ya mifugo, nayo simu inayauliza maduka ya Segera, Korogwe na Bungu kama dawa hiyo ipo. Siku hizi dawa zinauzwa na watu binafsi, kila mmoja na vyake, si kama enzi za kumngoja bwana mifugo wa serikali.

Nilimcheka waziwazi. Mwanzoni simu iliuliza kwa foleni, duka baada ya duka, na mtandao ukikatika kule Bungu mlimani, maduka mengine nayo yanakaa hayajaulizwa. Akairekebisha, ikawa inayauliza yote kwa mpigo. Akajisifu wiki nzima.

Kisha ng'ombe wangu mwekundu, niliyepewa na baba, akaugua ndigana. Matezi yalimvimba chini ya masikio, akalala chini, akawa anakohoa na kukataa majani. Ndiye pekee aliyekuwa na maziwa pale nyumbani, na mwanangu Lengai alikuwa hajajua kula ugali. Nikabonyeza simu.

Segera: Hakuna. Korogwe: Hakuna. Bungu: Hakuna.

Nikampigia Fransisko, mchinjaji wa Segera. Bora kumuuza angali anapumua kuliko kumzika. Fransisko alifika na pikipiki, kamba begani, na nyuma yake Kiseyian akaja mbio na kompyuta yake kwapani.

"Dada, ngoja kwanza," alisema. "Segera na Korogwe wamejibu hawana. Bungu hawajajibu kabisa."

"Simu imesema hakuna."

"Niliiwekea isisubiri sana. Asiyejibu upesi, inamwandikia hakuna."

Nilitamani kumchapa na ile kamba. "Yaani mtu hajafungua mdomo, wewe umeshamsemea?"

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamia kompyuta. Fransisko alitazama jua, akamuuliza, "Sasa hao wa Bungu wamejibu?"

"Bado," alisema Kiseyian. Vidole vikasimama. Akalirudia neno hilo taratibu, akijisemea mwenyewe, kisha akaanza kuandika kwa kasi.

Nikaelewa kabla hajanieleza. Mama yetu humuuliza kila asubuhi kama ameoa, naye hujibu bado, hajawahi kujibu hapana, na mama hupata moyo wa kuuliza tena kesho yake. Lakini programu yake aliifundisha maneno mawili tu, ipo na hakuna, utadhani haikutengenezwa na mtu wa huku. Akaniambia nibonyeze tena.

Segera: Hakuna. Korogwe: Hakuna. Bungu: Bado.

Nilimwambia Fransisko arudi zake.

"Mama Lengai, akifa sinunui," alisema kwa upole.

"Najua, kaka. Nisamehe kwa safari."

Pikipiki ilipoondoka niliogopa sana. Mwanangu alikuwa mgongoni ananivuta shanga, nami nilikuwa nimeyaweka maziwa yake juu ya neno moja la kwenye simu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Bungu walipojibu: Ipo. Mwenye duka, mzee Mdoe, akapiga na simu kabisa. Mtandao wao ulikuwa umelala tangu asubuhi, swali letu limemfikia sasa hivi. Kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa bandani, dawa ya ndigana haiwaishii. Akaituma kwa bodaboda mpaka Korogwe, na konda wa basi la Handeni akatufikishia. Nikamchoma sindano mimi mwenyewe, shingoni, Kiseyian akimshika pembe.

Kesho yake hakusimama. Keshokutwa hakusimama pia, ila masikio yalikuwa yamepoa. Nikamnyooshea majani kama nilivyofanya kila siku naye akiyakataa, nikiwa nimeshageuza uso nisimwone akikataa tena. Nikahisi majani yanavutwa. Nilipogeuka alikuwa anatafuna, macho yake kwangu, na mimi nikalia pale pale zizini mbele ya mdogo wangu, wala sikuona haya.