Milioni Mia Nane za Kiwanda cha Chaki

Mkunga alikuwa amestaafu mwezi uliopita, na kiinua mgongo chake chote alitaka kununulia hisa katika kiwanda cha chaki cha shemeji yake, mume wa mdogo wake. Hakuwa na akiba nyingine. Kilichompa moyo ni mstari mmoja katika hesabu za mwaka, zilizokaguliwa na kupigwa muhuri: faida iliyobakizwa, milioni mia nane na arobaini.

Walikaa ofisini kwa Bosi, kama wafanyakazi walivyomwita shemeji huyo. Vumbi jeupe lilikuwa limetanda hadi kwenye majani ya ua la plastiki. Mdogo wake mkunga alikaa karibu na mlango. Mhasibu wa kiwanda alisimama, maana viti vilikuwa vitatu.

"Nina swali moja, shemeji," mkunga alisema. "Kesho nikiugua, nikataka mnirudishie pesa zangu, mtaweza?"

"Unaniuliza mimi?" Bosi alicheka. "Soma hapo. Tangu tufungue kiwanda hatujagawana faida hata senti. Wenzetu wanagawana, wananunua magari ya kutambia. Sisi tunabakiza. Milioni mia nane na ushee, zimekaa tu."

"Zimekaa wapi?"

"Kwa mhasibu."

Mhasibu aliinua uso. "Kwangu mimi?"

"Benki, basi. Huko unakoziweka."

"Benki kuna milioni sita, Bosi. Za mishahara."

Bosi alimtazama shemeji yake kama anayemwambia asijali, watu wa hesabu ndio walivyo. Kisha akaona mhasibu hacheki.

"Acha utani. Mgeni yupo."

"Sitanii. Mstari huo unaonyesha faida yote mliyopata miaka yote bila kugawana. Hauonyeshi pesa iliko. Pesa ilikwenda kwenye ghala la pili, lori, na zile mashine tatu. Hundi ulisaini mwenyewe."

"Mashine nilinunua kwa pesa ya kiwanda," Bosi alisema polepole, kama anayemwelewesha mtoto. "Mimi nazungumzia ile iliyobaki."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Bosi alizivuta zile hesabu, akausoma tena mstari ule. Rangi ilimtoka usoni. Mkunga, aliyezoea kusoma nyuso za watu waliopatwa na habari mbaya, aliona kwamba shemeji yake hakuwa amemdanganya. Alikuwa hajui. Hilo lilimtia baridi kuliko uongo.

Akamgeukia mhasibu. "Kabla ya mashine hizo tatu, kiwanda kilikuwa kinapata faida kiasi gani kwa mwaka?"

"Milioni tisini hivi."

"Na mwaka jana?"

"Kumi na nne. Shule zinahamia kwenye ubao mweupe na kalamu za wino."

Mkunga hakuhitaji kikokotoo. Pesa iliyobakizwa iliongezeka kila mwaka, lakini kila mwaka ilizaa faida ndogo kuliko mwaka uliotangulia. Angetia na yake, nayo ingekuwa chuma.

"Baba watoto," mdogo wake alisema. "Kila nilipokuomba tujenge, ulisema pesa ipo, inakaa."

"Ndivyo nilivyojua, mama."

"Kodi ya nyumba tunalipa tangu kifungua mimba wetu hajazaliwa. Leo ana ndevu."

"Nilijua ipo! Imeandikwa!"

Mdogo mtu aliinuka, akatoka. Wakamfuata wote hadi ghala la pili. Katoni za chaki zilikuwa zimepangwa hadi darini, na mbele yake mashine tatu, moja ikiwa bado imefunikwa turubai. Alilivuta turubai kwa mikono miwili, vumbi likamrukia kichwani, asilipanguse.

"Hii ndiyo sebule?" aliuliza. Akasogea kwenye ya pili, akaigonga kwa kiganja. "Jiko ni hili? Nioneshe chumba changu basi, nikalale."

"Shemeji," mkunga alisema, "sinunui. Sina nyingine ya kupoteza."

"Subiri kwanza." Bosi alimshika mhasibu bega. "Hiyo ya turubai. Kwenye hesabu zako ina thamani gani?"

"Milioni mia moja na themanini."

"Umesikia, shemeji? Naiuza. Wiki hii hii naiuza, benki panajaa, utaona kwa macho yako."

"Utamuuzia nani?" mkewe aliuliza.

"Mwenye kiwanda cha chaki. Wapo."

Mhasibu alitazama sakafu. "Alikuwepo mmoja, Bosi. Hii tuliinunua kwake alipofunga kiwanda."