Kidole cha Bibi Lorene

Siku ya majaribio yangu ya kuongoza wageni katika iliyokuwa ghala ya mabomu ya jeshi la majini hapa Nebraska, mamia ya maili kutoka bahari yoyote, nilisimama mbele ya picha ya mwaka 1943. Wasichana wanajaza baruti kwenye makombora, na mmoja wao amefungwa kitambaa kidoleni. Nikifanya vizuri, Bwana Kucera, msimamizi wa mahali hapo, angeniajiri.

"Tazameni jeraha lile," nilisema, nikikionyesha kidole kile. Chuoni niliandika kurasa kumi na mbili kuhusu kidole hicho, na nyingi nilizilowesha kwa machozi.

Bibi mmoja mwenye mkongojo akacheka. "Jeraha gani, binti? Hicho kidole changu mimi, Lorene! Vyuma vilikatazwa, visije vikatoa cheche. Nikagoma kuvua pete ya ndoa, basi wakaifunga kitambaa."

Wageni wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

"Na mumeo, bibi, alirudi kutoka vitani?" nikauliza kwa unyonge.

"Alirudi. Akanikoromea miaka arobaini!"

Nikalia palepale, kwa furaha ya ndoa ya watu.

Bwana Kucera hata hakunitazama. Alimfuata Bibi Lorene hadi mlangoni, akimsihi aichukue kazi ile yeye. Bibi akakataa, akisema magoti yake hayawezi kusimama kutwa.

"Mpe huyo mlialia," akamwambia. "Angalau anauliza."

Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa sifa ya kuwa na magoti mazima.