Chuma Mara Mbili

Kila Novemba, kabla msimu haujaanza, Verna Tollefsrud huwapikia wachezaji wapya wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Norbeck, huko Iowa, katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri. Huwapa maharage ya nyama na pilipili, na mikate ya mdalasini kando. Wakishashiba na kulegea, huwapa historia. Huwaambia habari za vijana wa mwaka thelathini na nane, waliokwenda kucheza ugenini wamepakiwa kwenye lori la maziwa, wakashinda huku wananuka jibini. Huwaambia juu ya msimu wa kufungwa mechi ishirini na tatu mfululizo, na jinsi mji ulivyojaza viti hata kwenye ile ya ishirini na tatu. Wasichana wa kwanza nao hawasahau, wale waliorithi jezi za wavulana wakabandika namba zao kwa plasta. Mwisho kabisa huja fainali ya mwaka sabini na moja na Duane Petrak: zimebaki sekunde mbili, Norbeck iko nyuma kwa pointi moja, Duane anarusha huku anaangushwa, mpira unagonga chuma cha kikapu mara mbili, unasita, unatumbukia.

"Nilikuwa safu ya tatu nyuma ya kikapu," husema. "Niliuona kwa macho haya."

Uongo mtupu. Siku ile ng'ombe wao alizaa kwa shida, Verna akafika amechelewa, ukumbi umejaa pomoni na milango imefungwa. Mechi aliisikiliza redioni, nje ya ukuta wa ukumbi kwenye theluji, ndani ya pikapu ya baba yao, yeye na mdogo wake Arlys. Kesho yake dukani kila mtu alikuwa ameiona. Ukumbi una viti elfu moja na mia moja, lakini ukiwasikiliza watu wa mji ule, walioingia siku hiyo hawapungui elfu nne. Verna, ambaye hakuwa amekosa mechi ya nyumbani tangu ana miaka kumi na miwili, angeanzaje kusema aliikosa hiyo? Akasema safu ya tatu. Akatia na chumvi: chuma mara mbili.

Na sasa Duane anakuja. Alihamia Oregon alipomaliza chuo, hakurudi tena, na mwaka huu wamemwalika ale na vijana.

"Njia ya mwongo fupi, dada," Arlys alisema huku akikoroga sufuria. "Yako tu ndiyo imekwenda miaka hamsini."

"Koroga, nyamaza."

"Ukiumbuka mimi sikujui. Nitasema nimekuja kukoroga tu."

Verna hakucheka. Aliogopa kweli. Historia ile ndiyo kitu ambacho mji mzima ulimwamini nacho, na ikianguka fainali, nani ataamini tena lori la maziwa?

Duane alifika adhuhuri, mrefu bado, amejikunja kidogo juu ya fimbo yake. Verna hakumpa nafasi ya kukaa. Alimvuta mpaka kwenye kona ya makoti akamwambia yote kwa pumzi moja: pikapu, redio, safu ya tatu ambayo hakuikalia.

"Na chuma mara mbili?" Duane aliuliza.

"Nimeitunga mwenyewe. Nisamehe, ndugu yangu."

Duane alicheka mpaka akashika ukuta. Mchezaji mmoja wa zamani wa Norbeck, jirani yake kule Oregon, ndiye aliyemsimulia chuma mara mbili, naye Duane amewasimulia wajukuu zake wote. Mwenyewe hakuona kitu. Alianguka kwa kichwa, akazindukia chumba cha kubadilishia nguo, daktari akimmulika macho kwa tochi.

"Mpira ulivyoingia nimeambiwa na watu mia," alisema. "Ilivyosikika mle ukumbini hakuna aliyeweza kuniambia. Wote walikuwa wanapiga kelele wenyewe."

 Hilo Verna alikuwa nalo, tena bila chumvi.

"Ukuta ulinguruma kabla mtangazaji hajasema neno," alisema. "Theluji yote ya paa ikaporomoka juu ya pikapu, vioo vikafunikwa, tukawa gizani. Arlys akaanza kulia, alidhani ukumbi umeanguka. Mle gizani tulisikia kitu kimoja tu. Jina lako."

"Jina langu?"

"Lako peke yake. Halikukoma mpaka tulipochimba theluji tukatoka."

Duane aligeuzia makoti uso wake. Verna akamwacha, akaenda kupakua chakula, mwepesi kama mtu aliyetua kuni kichwani. Vijana waliposhiba aliwasimulia fainali kutoka ndani ya pikapu, na safari hii aliyesikiliza kuliko wote alikuwa yule aliyeurusha mpira.