Bomba la Rabiha

Zamu ya maji katika mtaa wa Rabiha ilikuwa Jumanne. Asubuhi ya siku hiyo watu walitega masikio wasikie matangi ya juu ya paa yakijaa, na wanawake walianza kufua kabla hata chai haijamiminwa. Jumanne tatu mfululizo za mwezi wa nane matangi hayakutoa sauti yoyote. Ofisi ya maji ilipopigiwa simu ilijibu kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zake, maji yalifika na wakazi walikwisha kuyatumia.

Rabiha alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kwa miaka thelathini alikuwa amechora kadi za harusi katika duka la uchapaji lililoko bondeni, katikati ya Amman. Nusu ya ndoa za jiji hilo zilianza na njiwa zake na mawaridi yake, ingawa jina lililochapwa pembeni mwa kadi lilikuwa la duka. Aliishi peke yake juu kabisa ya kilima, mwisho wa ngazi mia mbili na kumi na saba. Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Umm Shukri, ambaye mumewe alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi miaka minne nyuma na tangu hapo hakuinuka tena kitandani. Mume huyo, Abu Shukri, alitakiwa kuoshwa kila siku, la sivyo vidonda vya mgongoni vilifunguka. Mwezi huo vilikuwa vimefunguka.

Jumanne ya tatu, Rabiha aliporudi kazini, Umm Shukri alikuwa akimsubiri mlangoni na sufuria tupu.

"Nimewapigia," alisema. "Wananiambia maji yangu nimeshayamaliza. Mimi! Nimeyamalizia wapi, kwenye bwawa langu la kuogelea?"

Rabiha alimpa chupa mbili za maji ya kunywa, zilizokuwa za mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na makopo ya rangi, mabaki ya dukani, na kwenye ukuta wa ngazi, kati ya milango yao miwili, akachora bomba. Alilichora haraka, kwa brashi nene, akiwa bado amevaa viatu vya kazini. Mdomo wa bomba ulipinda kidogo kushoto. Alipomaliza alilitazama kama mtu anayemtazama karani aliyemjibu vibaya, akaenda kupika nyanya zake.

Asubuhi Umm Shukri alitoka na ndoo kwenda kutafuta gari la maji. Alipopita ukutani alinyoosha mkono akageuza koki, kwa mazoea tu, na maji yakatoka.

"Rabiha!" aliita. "Bomba lako linatoka!"

"Geuza polepole," Rabiha alijibu kutoka ndani. "Rangi haijakauka."

Siku ya kwanza maji yalinukia rangi kidogo, ya pili yakawa hayana harufu. Majirani walipanga madumu kwenye ngazi, wakagombana kuhusu nani alitangulia, wakapatana. Abu Shukri alioshwa asubuhi na jioni, na wiki ya tatu vidonda vyake vilianza kufunga. Ofisi ya maji ilimtuma mkaguzi aitwaye Naji, kwa sababu kuna mtu alipiga simu kusema wanaiba. Naji aligongagonga ukuta, akabandua lipu kipande, hakuona paipu. Akaandika: "Hakuna paipu, hakuna kosa."

"Na zamu yetu ya Jumanne?" Umm Shukri alimuuliza.

"Mama, wewe una bomba mlangoni. Wengine hawana hata la kuchora."

Alikunywa chai ya mrehani aliyokaribishwa, akashuka.

Mwezi wa kumi alikuja Lamis. Alikuwa anafanya kazi katika jumba la sanaa la upande wa pili wa bonde, na kazi yake ilikuwa kugundua watu. Kila mwaka alitoa orodha ya wasanii kumi wa kutazamwa, wapiga picha, wabunifu na wachoraji, na mwaka huo alikuwa na tisa. Alipanda ngazi zote akiwa na viatu vyeupe. Alipofika juu alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, huku watu wakimpitishia madumu pembeni.

"Umekuwa wapi miaka yote hii?" hatimaye alimuuliza Rabiha.

"Hapa."

"Na nani amekuathiri katika uchoraji wako?"

Rabiha alifikiri. "Ofisi ya maji," alisema.

Lamis aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Baadaye lilitokea katika magazeti mawili.

Kilichofuata kilichukua wiki mbili. Lamis alieleza kwamba ukuta wa nje ni adui wa kazi ya sanaa, kwamba mvua za baridi zilikuwa njiani, na kwamba mwenye nyumba, aliyeishi Zarqa, alikwisha kukubali kipande kile kikatwe. Kilichobaki ni saini ya msanii. Hakuna aliyewahi kumwita Rabiha hivyo. Alimuuliza Lamis jina lake litaandikwa wapi. Lamis alimwonyesha kwa mikono: ukuta mzima, herufi kubwa kama mlango.

"Na maji?" Rabiha aliuliza.

"Maji nayo tutayahifadhi."

Rabiha alitia saini. Aliwaza kwamba bomba alilichora kwa nusu saa, na rangi bado anayo. Angechora jingine.

Mafundi walikata ukuta kwa msumeno wa mawe, wakaufunga kwa blanketi, wakaushusha ngazi moja baada ya nyingine huku maji yakiwadondokea viatuni. Lipu mpya ilipokauka, Rabiha alichukua ruhusa ya siku mbili dukani. Safari hii alitumia brashi nyembamba. Aliweka kivuli chini ya koki na mng'ao wa shaba shingoni, na mdomo ukakaa sawasawa. Lilikuwa bomba zuri kuliko la kwanza. Umm Shukri aliligeuza, akangoja, akaligeuza tena.

"Limependeza," alisema. "Hili ni la kutazamwa."

"Nitalirudia."

"Lile la kwanza hukulichora, mwanangu. Ulilitukana." Akaiokota ndoo yake. "Haya, hongera kwa magazeti."

Rabiha alilirudia mara nne. Alijaribu kukasirika kwanza, lakini kila aliposhika brashi alijikuta akiwaza kama Lamis angependa rangi ile.

Usiku wa ufunguzi palikuwa na maji ya komamanga na vipande vya kunafa, keki tamu ya jibini, vidogo kama kucha. Bomba lilisimama peke yake katika chumba cheupe, likitiririkia kwenye beseni la shaba, na chini ya beseni kulikuwa na paipu iliyopeleka maji kwenye mtaro. Jina la Rabiha lilikuwa kubwa kama alivyoahidiwa. Watu walimshika mkono. Mmoja wao, aliyetambulishwa kwake kuwa mkubwa katika ofisi ya maji, alimwambia kazi ile imemgusa sana, hasa ule utupu unaoizunguka.

Wiki iliyofuata majirani walianza kuja na madumu. Kiingilio kilikuwa dinari moja, nao walilipa. Mlinzi wa chumba, Atallah, alitafuta kwenye karatasi ya masharti sehemu inayokataza kuchota, hakuipata, akawashikia mlango. Mwezi ule jumba lilipata wageni wengi kuliko mwaka mzima uliotangulia, na Lamis alipongezwa kwa kuwafikia watu wa kawaida. Lakini sakafu ilikuwa ya mbao, na madumu yalivuja. Kikawekwa kibao: hairuhusiwi kuingia na chombo chochote kikubwa kuliko mkoba.

Umm Shukri alisomewa kibao hicho na Atallah, akarudi nyumbani na dumu tupu. Kule, vidonda vya mumewe vilikuwa vimefunguka tena. Alikaa ukingoni mwa kitanda akahesabu kwa vidole vitu ambavyo kibao hakikuvitaja.

Siku ya pili yake saa tatu asubuhi alimgongea Rabiha. "Leo huendi kazini," alisema. "Wewe ndiye unayejulikana kule."

Ndugu wawili wa Umm Shukri walimfunga Abu Shukri kwenye kiti kwa mitandio, wakamshusha ngazi zote mia mbili na kumi na saba, wakipumzika kila baada ya ishirini. Teksi iliwapeleka ng'ambo ya bonde. Atallah alikikagua kiti, akaangalia masharti yake, akasema mzee si chombo. Umm Shukri alilipa viingilio vitano. Akamsogeza mumewe hadi kwenye beseni, akakunja mikono ya gauni, akatoa mkobani kipande cha sabuni ya zeituni, na akaanza kumwosha mgongo.

Watu waliokuwa vyumba vingine walikuja mmojammoja, wakasimama nusu duara. Rabiha alisimama karibu na taulo mkononi, chini ya jina lake mwenyewe, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Hao ni nani?" Abu Shukri aliuliza.

"Watazamaji," mkewe alimwambia.

"Wanatazama nini?"

"Wewe."

"Basi nifunikeni."

Rabiha alimtandikia taulo mabegani. Ndipo watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Lamis alikuja mbio kutoka ofisini, akasimama, akatazama mpaka mwisho, kisha akamvuta Umm Shukri pembeni.

"Mnaweza kuja kila siku?" aliuliza. "Saa nne asubuhi na saa kumi jioni?"

"Jioni hapana, analala."

"Asubuhi basi. Teksi juu yetu."

"Na ndugu zangu wa kubeba kiti."

"Na ndugu zako."

"Na kiingilio sitalipa tena."

Lamis alisema wasanii hawalipi kiingilio.

Rabiha alimwambia Lamis kwamba ingekuwa rahisi zaidi kulirudisha bomba mtaani. Lamis alimshika mkono kwa upole. Akasema wazo hilo ni zuri mno, na wangelizungumzia katika semina mwezi wa pili.

Kesho yake saa nne kamili viti sitini vilivyopangwa mbele ya beseni vilikuwa vimejaa. Umm Shukri aliwasalimu, akamvua mumewe shati. Abu Shukri alisema kuna upepo. Mtu mmoja wa safu ya mbele aliinuka, akaufunga mlango taratibu, akarudi kwenye kiti chake akaendelea kutazama.